Tahadhari: Hesabuni Mizigo Kabla ya Kuhamisha Kanzidata

Masoko ya tumbaku yakishafunguliwa, hakuna tena nafasi ya kurekebisha kitu. Marobota yanapimwa kila siku. Madaraja yanaandikwa. Madai yanakwenda benki. Kosa lililoingia kabla ya hapo linalipwa kama lilivyo, kwa mtu asiyestahili, au halilipwi kabisa.

Kwa hiyo nasema sasa. Simamisheni kazi.

Nasema na vyama vya msingi, SACCOS, zahanati na shule, kuanzia Igunga na Nzega hadi Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Nasema na kila ofisi yenye mfumo wa zamani, ule ulioandikwa kwa PHP miaka kumi na kitu iliyopita na mtu ambaye leo yuko Dodoma au Dar es Salaam na simu yake haipokelewi. Mfumo umechoka. Mmemwita kijana aufanye upya. Ana nia njema, ana zana kama Laravel au Django, na kurasa zake mpya zinapendeza. Lakini chini ya kurasa hizo iko kanzidata, databezi ileile ya zamani yenye majina ya watu, na kijana ameandika mafaili ya kubadili muundo wake. Kazini tunayaita maigresheni.

Yanaendeshwa kwa amri moja fupi. Inachukua sekunde chache.

Inaweza kumfuta mtu.

Nilikuwa katika ofisi ya chama kimoja, ambacho sitakitaja, siku ya malipo. Mzee alifika dirishani, kitabu chake cha uanachama kimeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni. Karani, binti wa umri wa wajukuu wake, alimwamkia, akakipokea kitabu, akaandika namba kwenye kompyuta. Akaiandika tena.

“Babu, jina lako halimo.”

“Halimo vipi, mjukuu wangu? Si ninyi mliopima marobota yangu?”

“Marobota yamo, babu. Jina ndilo halimo.”

Hakupiga kelele. Alitoa leso akajifuta uso, akauliza kama arudi kesho.

Nilikaa na kanzidata ile hadi usiku. Namba ya mzee ilikuwa 0417. Kwenye mfumo wa zamani namba za wanachama zilihifadhiwa kama maandishi, kwa hiyo sifuri ya mwanzo ilikuwa sehemu ya namba. Aliyeandika maigresheni aliona tarakimu tupu, akaamua safu ile igeuzwe kuwa ya namba za hesabu. Namba ya hesabu haibebi sifuri mbele. 0417 ikawa 417. Na 417 alikuwapo tayari, kwa sababu chama kile kilitokana na vyama viwili kuunganishwa, kimoja kikiandika namba kwa sifuri na kingine bila sifuri. Kanzidata ilizikataa namba mbili zinazofanana, kama inavyopaswa. Ndipo mwandishi akaongeza neno moja kwenye amri yake, IGNORE, yaani zipuuze zinazogongana. Kanzidata ikatii. Kila palipogongana akabaki mtu mmoja, na wa pili akaangushwa bila sauti.

Bila sauti. Shikeni neno hilo.

Maigresheni inayogoma na kutoa kosa kwenye skrini imekutendea wema. Imesimama, imeonyesha ilipokwama. Ya kuogopwa ni ile inayomaliza kazi na kuandika kwamba yote yamekwenda sawa, huku watu wameanguka njiani.

Angalieni majina yetu. Ng'wandu. Ng'wigulu. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi alama ile ndogo baada ya Ng si pambo, ni jina lenyewe. Mara nyingi iliingia kwenye kanzidata ikiwa ya mkunjo, kwa kuwa orodha ilinakiliwa kutoka Word. Mifumo mingi ya zamani inayotumia kanzidata ya MySQL ina majedwali yaliyotangazwa kuwa ya herufi za latin1, ilhali programu ilikuwa ikiyalisha herufi za UTF-8. Kwa miaka hakuna aliyejua. Programu iliandika vibaya, ikasoma vibaya vilevile, na jina likatoka sawa kwenye karatasi. Siku maigresheni inapoligeuza jedwali kuwa la utf8mb4, kosa lililokuwa limejificha linagandishwa. Ng’wandu anakuwa Ngâ€™wandu. Benki inalinganisha jina hilo na la kitambulisho cha NIDA. Hayafanani. Malipo yanarudi.

Angalieni simu. Namba inayoanza na 255 ina tarakimu 12. Safu ya aina ya INT kwenye MySQL haiwezi kubeba zaidi ya 2147483647. Kama ukali wa MySQL (strict mode) umezimwa, na kwenye seva nyingi za zamani umezimwa, kanzidata haikatai namba kubwa kuliko hiyo. Inaikata hadi kikomo. Nimeliona kwa macho yangu jedwali la wanachama, ukurasa baada ya ukurasa, ambamo kila mtu ana simu moja: 2147483647. Ujumbe wa malipo haukumfikia hata mmoja wao. Na namba za asili hazikuwapo tena mahali popote isipokuwa kwenye daftari la karatasi.

Angalieni tarehe za kuzaliwa. Wazee wengi hawakuwa na tarehe kamili, karani akaacha wazi, na MySQL ya zamani ikajaza 0000-00-00. Tangu toleo la 5.7, la mwaka 2015, mpangilio wa kawaida wa MySQL unaikataa tarehe hiyo. Unataka kuongeza safu ya barua pepe tu, na jedwali zima linagoma kwa ajili ya tarehe ambayo hukuigusa. Mwenye haraka hufanya moja kati ya mawili. Anazima ukali, na hapo amefungua mlango wa yale ya simu. Au anajaza 1970-01-01 kwa kila asiyejulikana. Huo ni uongo ulioandikwa kwa jina la mtu. Bibi wa miaka 80 anageuka kuwa amezaliwa 1970, na mfumo wa zahanati unaotambua wazee kuanzia miaka 60 unamwambia bado. Kama tarehe haijulikani, safu iachwe tupu. Kanzidata ina alama ya utupu huo, NULL, na maana yake ni kwamba hatujui. Hatujui ni jibu la kweli.

Na maeneo. Kaliua ilikuwa ndani ya Wilaya ya Urambo hadi 2012. Mpanda ilikuwa Rukwa, leo iko Katavi. Kanzidata ya 2010 haijui hayo. Maigresheni inayojenga jedwali jipya la wilaya kwa kuokota majina kutoka safu ya zamani itampeleka mtu wa Ulyankulu, iliyoko Kaliua, kule Urambo, ambako hayuko tena, na hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Hilo linahitaji mtu anayeujua mkoa akae na mwandishi wa programu, kijiji kwa kijiji. Hakuna zana itakayolifanya.

Sasa chanzo cha yote.

Zana hizi zilibuniwa kwa mfumo unaoanzia kwenye kanzidata tupu. Kila moja ina daftari lake humo ndani. Laravel ina jedwali linaloitwa migrations, Django ina django_migrations. Humo huandikwa faili lipi limekwisha kuendeshwa. Kanzidata ya zamani haina daftari hilo. Zana inaingia, inatafuta, haioni, inaamini hakuna kilichowahi kufanyika, inaanza kujenga jedwali la wanachama. Jedwali la wanachama lipo. Inagoma: jedwali hili tayari lipo.

Hapo ndipo maafa huanzia. Kijana anatafuta dawa mtandaoni na anakutana na amri ya migrate:fresh. Anaijaribu. Kosa linaondoka. Linaondoka kwa sababu amri hiyo hufuta kwanza majedwali yote, kisha huyajenga upya yakiwa matupu. Laravel huuliza kabla ya kufanya hivyo ikijua iko kwenye kazi halisi. Lakini hujua kwa kusoma faili la mipangilio, na kwenye seva kadhaa nilizoingia faili hilo lilikuwa bado linasema local, kama lilivyotoka kwenye laptopu. Haiulizi.

Inafuta.

Njia halali ipo na si ndefu. Muundo wa zamani unanakiliwa kama ulivyo, pamoja na makosa yake, na unawekwa kuwa maigresheni ya kwanza. Kisha zana inaambiwa iihesabu hiyo kuwa imekwisha kuendeshwa. Django ina inspectdb ya kusoma majedwali yaliyopo na --fake-initial ya kuyakubali. Kwenye Laravel unaandika mwenyewe mstari huo katika jedwali la migrations. Baada ya hapo kila badiliko jipya linaanzia pale kanzidata ilipo kweli.

Jambo lingine la MySQL ambalo kila anayeigusa lazima alijue. Ukibadili muundo wa jedwali, badiliko linathibitishwa papo hapo. Haliwezi kufutwa kama muamala wa kawaida. Faili lenye hatua tano likikwama kwenye ya tatu, mbili za kwanza zimebaki. Zana haikuliandika faili hilo kuwa limekwisha. Ukiliendesha tena, linakwama kwenye ya kwanza, maana safu ipo tayari. Mtu anaanza kufuta kwa mkono ili lipite, na usiku umeingia, na anafuta safu isiyo yenyewe. Kanzidata ya PostgreSQL huweza kuzifunga hatua nyingi kama hizo pamoja na kuzirudisha zote. MySQL haifanyi hivyo. Kwa hiyo faili moja, badiliko moja.

Makosa yenye kelele ni mepesi, nayapitia haraka. Kosa la 150, la viunganishi kati ya majedwali, mara nyingi lina sababu mbili. Jedwali la zamani ni la aina ya MyISAM, ambayo haijui viunganishi. Au namba yake ya utambulisho ni INT, wakati Laravel tangu toleo la 5.8 huandika BIGINT isiyopokea hasi. Fanya safu mpya iifuate ya zamani. Usiigeuze ya zamani karibu na msimu. Kosa la ufunguo uliozidi baiti 767 hutokea kwa sababu herufi 255 za utf8mb4 zinaweza kufika baiti 1,020. Punguza urefu wa fahirisi hadi herufi 191. Usipunguze urefu wa safu, utakata majina. Na kama majedwali ni ya MyISAM, umeme ukikatika katikati ya kazi jedwali linaweza kuharibika kabisa. Seva bila betri ya akiba, usiiguse.

Turudi kwenye yasiyo na sauti, kwa sababu ndiyo yanayoenea.

Mji huu wa Tabora ulikua juu ya mizigo iliyohesabiwa. Misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, hapa Unyanyembe ndipo ilipopumzika, ikabadili wapagazi na kugawana njia. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, na kila mzigo ulikuwa na mwenyewe. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji akiwa amechoka na mgonjwa, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Zilitoka pwani. Kwenye karatasi za Zanzibar zilikuwepo. Ujiji alikuta aliyekabidhiwa amekwisha kuziuza. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akingoja wapagazi kutoka pwani. Tembe aliyokaa watu wanaitembelea mpaka leo.

Karatasi ya mzigo ulioondoka si ushahidi wa mzigo uliofika.

Kwa hiyo hesabuni pande zote mbili. Kabla ya maigresheni, hesabuni mistari ya kila jedwali na kuiandika kwenye karatasi. Baada yake, hesabuni tena. Lakini idadi ya mistari peke yake haitoshi. Lile jedwali la simu halikupoteza mstari hata mmoja. Hesabuni jumla: kilo zote za msimu uliopita, fedha zote zilizolipwa, deni lote la pembejeo. Hesabuni namba za simu zilizo tofauti ni ngapi. Tafuteni tarehe ya kuzaliwa ya zamani kuliko zote na mpya kuliko zote. Hesabuni majina yenye Ng' ni mangapi, kabla na baada. Tofauti ya shilingi moja ni tofauti. Tofauti ya mtu mmoja ni mtu.

Nimesema yanaenea. Yanaeneaje?

Kwanza kupitia benki, kwa orodha ya malipo. Pili kupitia mifumo ya juu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake, MUVU, na taarifa za vyama zinaingia humo. Taarifa mbovu ikishapanda, mnakuwa na makosa mawili katika nyumba mbili, na kila nyumba inamwambia mzee aende kwa mwenzake.

Tatu, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, kupitia bekapu.

Ofisi nyingi zinatunza nakala za siku saba. Kila usiku mpya inaingia, ya zamani inatoka. Ni utaratibu mzuri kwa seva iliyoungua. Kwa kosa lisilo na sauti ni kitanzi. Maigresheni imeendeshwa Jumatatu. Hakuna aliyeona. Usiku huo nakala ya kwanza yenye kosa inahifadhiwa. Jumanne ya pili. Jumatano ya tatu. Mzee anafika dirishani siku ya kumi. Nakala zote saba zina kosa.

Hakuna pa kurudi.

Na bekapu yenyewe, nani kati yenu amewahi kuirejesha? Siulizi kama ipo. Nauliza kama imewahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine na ikaonyesha wanachama. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, watu ambao kazi yao ni kutunza programu za wengine, alifuta data za kanzidata ya kazi akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala. Hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyoamini. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo tofauti na la kanzidata. Waliokolewa na picha ya data ambayo mfanyakazi alikuwa ameichukua kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Saa hizo sita za kazi za wateja zilipotea.

Kama GitLab walipatikana hivyo, msijiamini kwa faili lililoko kwenye flashi ndani ya droo ya katibu.

Inawezekana kufanya vizuri. Wengi wenye mita za LUKU wamewahi kushiriki uhamishaji wa namna hii, na ulifaulu. Tokeni za mita zile huhesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, kwenye nafasi ya biti 24, na duniani kote nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyorekebishwa isingepokea tokeni mpya. TANESCO hawakungoja Novemba. Walianza miezi kabla, eneo kwa eneo. Mteja alipewa makundi matatu ya tarakimu 20: ingiza la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu ndilo la umeme. Mpangilio ulikuwa mmoja. Tokeni ya zamani ambayo hukuiingiza kabla ya hapo ilikufa. Bibi zetu vijijini waliifanya kazi hiyo kwa vidole vyao, kwa sababu waliambiwa mapema na kwa maneno ya wazi. Hatua ndogo, mpangilio unaojulikana, eneo baada ya eneo, muda wa kutosha kabla ya tarehe ya mwisho.

Linganisheni na benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 iliwahamisha wateja wake wote, milioni 5.2, kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, kwa wikiendi moja. Jumatatu wengi hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao, na baadhi waliona akaunti za watu wengine. Mwaka 2022 wasimamizi waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia akatozwa faini yake binafsi. Wale walikuwa na fedha za kulipa. Chama cha msingi hakina.

Na tazameni kinachofanyika kwenye reli. Ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912, upana wake mita 1. Mpya ina milimita 1,435. Behewa la zamani haliwezi kupita juu yake. Kwa hiyo mpya inajengwa kando, na ya zamani inaendelea kubeba watu. Hakuna aliyesema tung'oe kwanza.

Fanyeni hivyohivyo kwenye jedwali. Safu mpya iongezwe kando ya ile ya zamani. Data inakiliwe. Zilinganishwe, mtu kwa mtu. Programu ianze kusoma mpya huku ikiandika kote kuwili. Safu ya zamani ibaki mpaka msimu uishe, malipo yafungwe na mkaguzi apite. Baada ya hapo ndipo iondolewe, mchana, siku ya kazi, mkiwa wawili.

Sasa ya leo.

Mwenyekiti na katibu, ni ninyi wenye data, si kijana mliyemwajiri. Mwambieni asimame. Chukueni nakala kamili ya kanzidata, iwekwe kwenye diski mbili, moja itoke nje ya ofisi, na nakala hiyo isizungushwe na zile za kila usiku. Iandikwe tarehe na ifungiwe. Kisha irejesheni kwenye kompyuta nyingine na kuifungua mbele yenu. Tajeni majina matano kutoka kwenye daftari. Yatafutwe. Kama hayaonekani, hamna bekapu, na hakuna maigresheni.

Maigresheni iendeshwe kwanza juu ya nakala hiyo iliyorejeshwa, mwanzo hadi mwisho, na hesabu zote zifanywe. Ikikwama, irekebishwe hapo, irejeshwe upya, iendeshwe tena tangu mwanzo. Si tangu ilipokwama. Mpaka ipite mara mbili mfululizo bila mkono wa mtu kuingilia. Ndipo ipangiwe siku kwenye seva halisi, na siku hiyo isiwe ndani ya msimu wa soko. Kama soko limekaribia, mfumo wa zamani utumike msimu huu. Umechoka, ndiyo. Lakini unawajua watu wenu.

Kijana wangu, wewe unayeandika haya mafaili, nakuambia kama kaka yako kazini. Usizime ukali ili kosa liondoke. Usitumie IGNORE kwa majina ya watu. Django ikikuuliza kama safu imebadilishwa jina, soma swali mpaka mwisho, maana ukijibu hapana itafuta ya zamani pamoja na kilichomo. Fungua faili la mipangilio uhakikishe seva inajua kwamba ni seva ya kazi. Na usitembee na nakala ya wanachama kwenye laptopu ndani ya basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na majina, simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi. Diski iwe na nywila, na kazi ikiisha nakala ya majaribio ifutwe.

Mwisho, daftari. Ofisi nyingi zilipopata kompyuta ziliacha madaftari ya zamani kwenye kona ya stoo. Kwa mzee wa 0417 daftari ndilo lililomrudisha. Tulilikuta chini ya magunia, mchwa wamekula pembe moja, ukurasa wake ukiwa mzima: namba, jina, kijiji, dole gumba la wino. Alilipwa, wiki tatu baada ya wenzake. Wengine waliogongana namba kurasa zao zilikuwa zimeliwa.

Yatoeni madaftari stoo leo. Yapigwe picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Idadi ya wanachama iliyomo iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani juu ya kompyuta. Namba hiyo na ya kwenye seva zikitofautiana hata kwa mtu mmoja, maigresheni isiendeshwe.